Kiingilio Mara Mbili: Kisa cha Shemeji na Usiku wa Magic Kingdom

Shemeji alinipigia simu saa 5 usiku, saa ambayo mtu hupiga akiwa na msiba au akiwa na hesabu inayogoma. Yake ilikuwa hesabu.

Walikuwa wamepanga safari ya Walt Disney World, Florida, mwezi wa tano: yeye, dada yangu, kijana wao wa miaka 11 na binti wa miaka 6. Tiketi za siku 4 zilishalipwa, siku moja kwa kila bustani ya michezo na burudani kati ya zile nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Hoteli nayo ilishalipwa, ya daraja la bei nafuu lakini humo humo ndani ya eneo la Disney. Sasa dada alikuwa ameona tangazo la Disney After Hours. Jumatatu ile ile wanayofika, Magic Kingdom inafungwa saa 4 usiku kwa watu wa kawaida, kisha inabaki wazi mpaka saa 7 kwa wenye tiketi ya usiku. Dola 175 kwa kichwa, mkubwa na mdogo bei moja, kodi kando.

“Yaani shemeji,” akaniambia, “nimelipa kuingia mlango ule, halafu nilipe tena kuingia mlango ule ule? Hata mahari hulipwa mara moja.”

Nikamkumbusha kwamba ya kwake bado hajamaliza. Akacheka, lakini swali lake hakulisahau: tununue au tusinunue?

Nilichukua karatasi. Watu 4 kwa dola 175 ni 700. Kodi ya mauzo katika kaunti ya Orange, ilipo Magic Kingdom, ni asilimia 6.5, yaani dola 45.50. Jumla 745.50 kwa saa 3. Ukigawanya, kila mmoja wao angelipa kama dola 62 kwa kila saa, awe amepanda kitu, anatembea, au amelala kwenye kigari cha kusukumwa. Hilo la kulala ndilo lililokuja kuamua kisa chote.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba asiutazame mlango. Mlango ni ule ule, majengo ni yale yale, hata wafanyakazi wengi ni wale wale. Kinachouzwa usiku ni watu ambao hawapo. Tiketi hizi zina kikomo cha idadi, na kikomo hicho ndicho bidhaa yenyewe.

Wengi hudhani watu wakipungua nusu, foleni nayo hupungua nusu. Foleni haina tabia hiyo. Chukua mfano wa kivutio, yaani chombo cha kupanda, kinachopitisha watu 1,000 kwa saa. Mchana wakija 1,200 kila saa, kila saa 200 wanabaki nje. Baada ya saa 4 foleni ina watu 800, na anayejiunga wakati huo atasubiri dakika 48. Sasa badala ya 1,200 waje 900 tu. Umepunguza robo ya watu, lakini foleni yote imefutika, kwa sababu mashine inameza wengi kuliko wanaokuja. Kwa hiyo bustani haihitaji kuwa tupu ndipo usiku upendeze. Inahitaji tu kushuka chini ya ule mstari, na anayepanga idadi ya tiketi anajua mstari uko wapi.

Ndiyo maana biashara hii ilipozinduliwa Magic Kingdom mwaka 2016, kwa dola 149, ilionekana kichekesho. Haikuwa na gwaride wala fataki. Watu walikuwa wamezoea kwamba ukilipia usiku, unapewa tamasha. Knott's Berry Farm, bustani nyingine ya burudani kule California, walianza usiku wao wa kutisha wa Halloween mwaka 1973, na Magic Kingdom yenyewe ilifanya sherehe yake ya kwanza ya Halloween usiku mmoja tu wa mwaka 1995. Hizo unazielewa: kuna mavazi, peremende, kelele. Kuuza nafasi tupu bila hata kuifunga kwenye karatasi ya zawadi kulihitaji ujasiri. Lakini foleni fupi ilikuwa tayari njiani kugeuka bidhaa. Ile foleni ya haraka, FastPass, iliyoanza mwaka 1999, ilikuwa bure. Mwaka 2021 ilipumzishwa moja kwa moja na nafasi yake ikachukuliwa na ya kulipia. Mtu akishazoea kulipa ili asisimame mchana, kumuuzia usiku mzima wa kutosimama si kazi ngumu.

Hapa niweke angalizo, maana dada mwenyewe alikuwa amechanganya. Sherehe za Halloween na Krismasi ni kitu kingine. Huko tukio huanza saa 1 usiku hadi saa 6, wenye tiketi huruhusiwa kuingia tangu saa 10 jioni, na wageni wa mchana hutakiwa kuondoka saa 12. Unapata gwaride na fataki ambazo siku nyingine hazipo, na watu wanajaa kweli kweli, wengine wakipanga foleni ndefu kupiga picha na mhusika mmoja. Kama lengo ni kupanda vyombo, hiyo si tiketi yako. Afadhali uende mchana wa siku ya sherehe kwa tiketi ya kawaida: wengi huikwepa siku hiyo kwa sababu inafungwa mapema, na wewe ukakuta foleni nyepesi bila kulipa senti ya ziada. Ila mwezi wa tano hakuna Halloween, kwa hiyo tuliacha hilo hapo.

Tukarudi kwenye karatasi. Shemeji alikuwa anahesabu tiketi 4 kana kwamba ni kitu kimoja mara nne. Nilimwomba tuzipitie moja moja, kwa jina la anayeishika.

Kijana, miaka 11, mrefu, hana woga, na angepanda kitu kimoja mara kumi ukimwacha. Tiketi yake ina thamani karibu yote, maana usiku huo unaruhusiwa kurudia upendavyo.

Dada yangu ni vivyo hivyo, ila yeye hukana.

Binti ana sentimita 110. TRON Lightcycle / Run, rola kosta (gari la reli la mbio na mikunjo) iliyofunguliwa hapo mwaka 2023, inadai 122. Space Mountain inadai 112, kwa hiyo amekosa kwa sentimita 2, na pale mlangoni kijiti cha kupimia hakina huruma ya mjomba. Anaruhusiwa Seven Dwarfs Mine Train, ambayo inadai 97, na vile vya watoto kama Peter Pan's Flight. Hivyo ndivyo vitu vyake, na anavipenda. Lakini ni mtoto anayelala saa 2 na nusu. Kumfikisha saa 4 usiku, ndipo shughuli inaanza, baada ya siku nzima ya ndege na viwanja vya ndege, ni kujidanganya. Angekuwa kwenye kigari, mdomo wazi, kwa dola 62 kwa saa. Angekuwa chini ya miaka 3 angeingia bure na tungeshughulika na usingizi tu. Ana 6, kwa hiyo analipa kama baba yake.

Na baba yake? Shemeji hapandi. Kichefuchefu humshika hata kwenye lifti ndefu. Nilimuuliza kwa upole: wewe dola 186, kodi ikiwemo, ungezitumiaje? Akafikiri, akasema, “Kushika mabegi.”

Kwa hiyo zile 745.50 zilikuwa zinanunua usiku wa watu wawili. Wawili wengine wangekuwa wasindikizaji kwa bei ya wasafiri.

Kabla ya kukata shauri tulipima njia nyingine za kupata kile kile. Disney huwapa wageni wa hoteli zake za daraja la juu saa 2 za ziada usiku, siku chache za wiki, bila malipo mengine. Wao hawako daraja hilo, na kuhamia huko usiku 6 ili upate saa 2 ni kununua mashua ili uvuke mto mara moja. Ile nusu saa ya asubuhi kabla ya watu wengine, wanayopewa wageni wa hoteli zote za Disney, walikuwa nayo tayari. Inatosha kivutio kimoja kikubwa, pengine viwili ukiwa mwepesi. Lakini nawajua hawa: binti havai soksi ya kwanza anayopewa.

Iliyobaki ni foleni ya haraka ya mchana, Lightning Lane Multi Pass. Bei yake hubadilika kwa tarehe na bustani, na sisi tulikadiria dola 30 kwa kila mtu siku ya Magic Kingdom. Mgeni wa hoteli ya Disney huchagua vivutio vitatu vya kwanza siku 7 kabla, kisha huongeza kimoja kimoja kadiri anavyotumia, na kila kivutio ni mara moja tu. TRON haimo, inauzwa peke yake. Tukaiwekea dola 20 kwa kila anayeruhusiwa na anayetaka, yaani wawili. Jumla 120 na 40 ni 160, pamoja na kodi 170.40.

Hapo ndipo hesabu iligeuka, na nakiri sikuwa nimeiona mpaka nilipoiandika. Familia hii ingekuja Magic Kingdom mchana kwa vyovyote vile, siku ya Jumatano, kwa tiketi iliyokwisha kulipwa. Swali halikuwa usiku au mchana. Lilikuwa ni nini kitatokea Jumatano ikiwa dada na kijana wameshapanda TRON na Space Mountain mpaka wakatosheka siku mbili nyuma. Jibu: Jumatano inakuwa ya binti. Hakuna kugawanyika, hakuna mama kukimbilia upande mmoja na kijana huku baba akibembeleza upande mwingine, hakuna haja ya foleni ya kulipia kwa watu wanne, kwa sababu vitu vya foleni ndefu vingi vimeshatoka kwenye orodha.

Tiketi 2 za usiku ni dola 350, na kodi 372.75. Ukitoa zile 170.40 ambazo Jumatano hazitatumika tena, zinabaki 202.35. Hiyo ndiyo bei halisi ya usiku, kwa familia hii, kwa mpangilio huu. Haikuwa 745.

Shemeji alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomleta tangu mwanzo: “Na mimi nikibaki hotelini, haitaonekana nimebana pesa?” Nikamwambia amuulize mkewe. Sikusikia jibu la dada, nililetewa tu habari kwamba tiketi 2 zimenunuliwa.

Kuna upande wa siku nyingi ambao mtu hutaka kuuchezea: si tungepunguza tiketi ya siku 4 iwe ya siku 3, na usiku uwe ndiyo siku ya nne? Kwa aliye peke yake au wapenzi wawili wasio na mtoto, hiyo ni hesabu nzuri, maana tiketi ya After Hours inakuruhusu kuingia tangu saa 1 usiku, kwa hiyo unapata saa 6 ndani na fataki za kawaida kabla ya kufungwa. Mwenye kufika jioni ya siku asiyo na tiketi ya mchana anapata bustani nzima kwa bei ambayo haizidi ya siku moja ya msimu wa juu. Lakini siku ya nne kwenye tiketi ya siku 4 haigharimu robo ya tiketi. Siku za mwanzo ndizo zinazobeba bei, na kila inayoongezwa hushusha wastani. Ukiikata, unachorudishiwa ni kidogo kuliko unavyotarajia. Na binti alihitaji mchana wake.

Jumatatu ikafika. Hapa nitoe ushauri wangu mmoja uliokuwa mbaya. Niliwaambia waingie saa 1 kamili ili wapate zile saa 6 zote, kwa kuwa zimelipiwa. Walitii. Walitua mchana, wakaacha mizigo, wakaingia saa 1 na dakika kadhaa, wakazunguka kwenye umati wa kawaida, wakasimama barabarani kusubiri fataki. Saa 4 ilipogonga na kile walichokilipia kuanza, miguu ilikuwa imekwisha. Dada aliniandikia ujumbe wa maneno mawili ambao sitaurudia. Ingekuwa leo, ningesema walale hadi saa 2, wale, waingie saa 3. Saa za mwanzo ni za bure lakini miguu si ya bure.

Lingine nililowaambia lilifanya kazi. Bustani ikifungwa saa 4, walio ndani ya foleni hawafukuzwi. Wataendelea mpaka wapande. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza vile vikubwa bado vina watu wa mchana, na anayekimbilia Seven Dwarfs saa 4 na dakika 2 anajiunga na foleni ambayo hakuilipia. Walianza na vilivyo kando: Peter Pan's Flight, Haunted Mansion, Pirates of the Caribbean, na vikombe vya chai vinavyozunguka. Saa 5 wakahamia upande wa Tomorrowland na kukaa huko: Space Mountain mara 2, TRON mara 3. Dakika chache kabla ya saa 7 wakaenda Seven Dwarfs, wakapanda, wakatoka wakizunguka haraka, wakapanda tena. Kanuni ni ile ile ya saa 4, sasa kwa faida yao: aliyeingia kwenye foleni kabla ya dakika ya mwisho hupanda.

Jumla vivutio 11. Kwa bei kamili, bila kutoa chochote, ni karibu dola 17 kwa kila mtu kwa kila kivutio. Hiyo haikuwa rahisi hata kidogo, na sitaki mtu aone 202 akasahau 372 zilizotoka mfukoni kwanza.

Bisi, aiskrimu na vinywaji vya chupa vilikuwa ndani ya bei. Nimeona watu wakivihesabu kwa bei ya kibandani, kila aiskrimu kwa dola zake, mpaka tiketi inaonekana imejilipa nusu. Huo ni ulaghai wa nafsi. Kijana alikula aiskrimu 4. Mchana, kwa pesa ya baba yake, angekula 1. Basi thamani yake ni ya 1, na zile 3 ni tumbo.

Gharama ambayo haimo kwenye tiketi yoyote ilikuja Jumanne. Walifika kitandani karibu saa 8 na nusu usiku, na usiku wa namna hiyo hauji peke yake, huja na asubuhi yake. Bahati ni kwamba tiketi ya siku 4 haidai siku zifuatane, ina dirisha la siku 7 tangu ile ya kwanza. Jumanne ikawa ya bwawa la kuogelea. Kama wangekuwa na siku 2 tu Florida na moja ikaanza saa 3 asubuhi, usiku ule ungekuwa umekula asubuhi ya watu wanne ili kuwafurahisha wawili, na mimi ningesema usinunue, tena bila karatasi.

Kungekuwa na mvua ningeandika kingine pia. Radi ikikaribia, vilivyo nje husimamishwa, na tiketi hairudishwi kwa sababu ya mawingu. Hilo ni la kukubali kabla ya kulipa.

Jumatano nilipata picha. Binti amepanda Peter Pan na baba yake, kitu pekee katika bustani nzima ambacho shemeji alisema hakikumsumbua. Walisimama foleni ya kawaida, ndefu, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyekuwa na pengine pa kukimbilia. Walirudi kwenye foleni hiyo hiyo mara ya pili. Ukiniuliza, dola 202 zilitumika hapo zaidi ya kule TRON.

Shemeji hakuwahi kukiri kwamba kulipa mlango mmoja mara mbili ni sawa, na mimi sikumlazimisha, maana si sawa kwa kila mtu. Ila wiki iliyopita nilikwenda kwao. Kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto kuna mistari miwili ya penseli. Wa chini una tarehe, ni urefu wa binti wa sasa. Wa juu hauna tarehe, umeandikwa tu “122”, na mwandiko ni wa baba yake.